Daycare Inatolewa Kwenye Mshahara wa Nani

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyenipigia hesabu mbele ya watu. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwa mama mkwe, Bisil, chai imeshamiminwa. Akatoa simu, akaanza kubonyeza huku akisoma kwa sauti. Mshahara wako elfu ishirini na tisa. Toa daycare ya watoto wawili, elfu tisa na mia tano. Toa nauli ya Kitengela kwenda Kajiado na kurudi, elfu saba na mia nane. Toa nepi na maziwa, elfu tano. Toa chakula chako cha mchana, elfu mbili na mia sita. Akabonyeza mara ya mwisho, akageuza simu ili kila mtu aone. Nilikuwa nimebaki na elfu nne na mia moja.

Akasema, kwa upole ule wa mtu aliyeshinda tayari, kwamba sasa nimejionea mwenyewe. Naamka saa kumi na moja alfajiri, naacha watoto kwa mtu baki, nakula vumbi mwezi mzima, na mwisho wake nabaki na pesa ya viatu. Heri nikae nyumbani. Au kama kazi naipenda hivyo, basi msichana wetu mkubwa, wa miaka mitatu na nusu, aletwe hapa Bisil alelewe na koko wake, yaani bibi yake, ambaye amekuwa akimwomba, nami nibaki na gharama ya mdogo peke yake, mvulana wa miezi minane. Hayo mawili ndiyo niliyoletewa mezani. Niache kazi au nitoe mtoto.

Damu ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Lakini kabla sijasema nilichosema, wacha nieleze tulivyofika hapo, kwa sababu kuna watu mpaka leo wanasimulia siku ile kana kwamba niliamka tu asubuhi nikawa na kichwa kigumu.

Mimi ni mtu wa maabara. Nafanya kazi kwenye maabara ya kibinafsi pale Kajiado, napima damu, mkojo na choo. Wafugaji wanakuja na homa isiyoisha, viungo vinawauma, wameshameza dawa za malaria mara tatu na hawaponi, halafu mimi ndiye ninayewaambia ni brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi. Ujuzi huo niliusomea miaka mitatu, mama yangu akiuza ndengu na mbaazi huko Ukambani ili karo ipatikane. Kwa hiyo mtu akiniambia heri nikae nyumbani, mimi huwa namwona mama yangu na ungo wake, anapepeta, na hasira inanishika kwa niaba yake.

Mume wangu yuko Namanga, kwenye ofisi ya kupitisha mizigo mpakani. Anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, malori yakikubali. Nyumba yetu iko Kitengela kwa sababu ploti tulinunua huko kabla mimi sijapata kazi ya Kajiado, na ploti haihamishwi. Siku za kazi basi, nyumbani tulikuwa mimi na watoto, na swali la nani atawaangalia lilikuwa langu kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi.

Likizo ya uzazi ilipokaribia kuisha nilikaa chini na kalamu. Nitawaambia nilichogundua, bure. Ukiwa na mtoto mmoja, daycare inashinda yaya bila mjadala. Unalipa kichwa kimoja, jioni unamchukua mtoto wako, kwisha. Wakiwa wawili mambo yanageuka, maana daycare inahesabu vichwa, yaya anahesabu mwezi. Yaya ni elfu tisa, watoto wawe wawili, wawe watano. Lakini yaya naye anakula, anaoga, anapanda gari kwenda kwao mwisho wa mwezi, na akiugua wewe ndiye wa kumpeleka hospitali. Ukijumlisha vizuri anafika elfu kumi na tatu. Halafu kumbuka anafua na kupika, kazi ambazo hakuna daycare itakufanyia. Yaani hakuna jibu moja, na mtu anayekwambia liko hajawahi kulea.

Nilianza na yaya. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na nne hivi, mpole, hodari, anaimba akifua. Msichana wangu alimwita anti na alimpenda mpaka mimi nikaona wivu kidogo. Siku moja nikiwa jikoni nikamsikia kwenye simu akiuliza kama amekula, kama amelala, kama bado anakohoa. Nikamuuliza ni nani huyo. Ndipo akaniambia ana mtoto wa mwaka mmoja, yuko Embulbul kwa dada yake, na kila mwezi anamtumia dada elfu tatu za kumwangalia. Katika zile elfu tisa nilizoziona kubwa, elfu tatu zilikuwa za kumlipa mtu alee mtoto wake ili yeye anilelee wangu. Niseme ukweli, niliona aibu. Nilimwongezea elfu moja, nikijua vizuri kwamba elfu moja haikufika popote.

Tulikaa naye miezi minne. Dada yake alipopata kazi ya saluni, mtoto akakosa wa kubaki naye. Nikamwambia amlete tuishi wote, tutabanana. Akafikiria siku mbili, akasema hapana, hataki mtoto wake akue akiwa mgeni kwenye nyumba ya watu. Akafunga nguo zake, akamkumbatia msichana wangu, akaenda. Wengi wakiachwa na yaya humtupia kila lawama, eti hawa watu hawana shukrani. Mimi kwa wangu sina neno baya, na ukitaka tukosane mseme mbele yangu.

Basi nikaenda daycare. Iko nyuma ya bucha, mageti matatu kutoka kwetu. Mwenyewe alifundisha chekechea miaka mingi na sisi sote tunamwita mwalimu. Ni chumba kimoja kikubwa, magodoro sakafuni, kila mtoto ana blanketi yake yenye alama ya uzi pembeni ili zisichanganyike. Mwalimu hapokei mtoto mwenye homa, hapokei mfuko wenye nepi mbili, na ikipita saa kumi na mbili jioni anatoza shilingi hamsini kila robo saa. Mtoto mmoja ni elfu tano, lakini kwa wawili alinipunguzia mia tano. Wiki ya kwanza wote wawili waliniletea mafua. Wiki hiyo hiyo msichana alirudi akihesabu mpaka kumi kwa Kimaa, amefundishwa na mwenzake wa godoro la pili. Baba yake, Mmaasai kamili, hakuwa amemfundisha hata tatu.

Siku iliyotuharibia, lori lilipinduka likalala katikati ya barabara karibu na Isinya. Tulikaa hapo, magari mbele magari nyuma, mpaka simu ikaisha chaji. Nilifika Kitengela saa mbili kasoro, nikakuta mwalimu amefunga daycare na kuwapeleka watoto wangu kwake. Walikuwa wameoga, wamekula ugali na mboga, mdogo amelala mgongoni kwake. Faini hakunitoza. Lakini jirani yangu mmoja, ambaye macho yake hayapumziki, alishampigia mume wangu kumwambia watoto wake wanazururishwa kwa watu usiku. Mume wangu akampigia kaka yake kuuliza ushauri. Na kaka yake, badala ya kumshauri mtu mzima mwenzake, akaitisha kikao Bisil.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye ile chai na ile simu iliyogeuzwa. Sasa nasema nilichosema.

"Kwa nini mnatoa kwangu peke yangu?" nikauliza. "Hawa watoto hawana baba?"

Shemeji akanieleza, kama anayeeleza mtoto, kwamba baba analipa ploti, baba analipa karo itakapofika, na kwa hiyo pesa ya baba ina kazi zake. Nikamwambia sawa, basi mshahara wa baba nao uingie kwenye simu, tuweke yote miwili pamoja, halafu tuanze kutoa. Daycare itoke kwenye jumla. Nauli ya Kajiado na nauli ya Namanga zitoke kwenye jumla. Kwa nini yeye akienda kazini anaenda kutafutia familia, na mimi nikienda naonekana naenda kujifurahisha na ninapaswa kujilipia kiingilio? Shemeji akacheka na kusema nyumba ambayo mwanamke anapimana mshahara na mumewe haina amani. Nikamtazama mume wangu, aliyekaa mkabala nami, anisaidie. Alikuwa ametazama ndani ya kikombe chake kwa makini, na kikombe kile kingekuwa kisima angekuwa ameshazama.

Niliumia. Si kwa maneno ya shemeji, hayo nilishayazoea. Niliumizwa na kile kikombe.

Na hapo, kwa hasira, ndipo nikafanya kosa. Lazima nieleze. Siku niliyoolewa nilisimama mlangoni pa boma kama nilivyoelekezwa, nikakataa kuingia. Ndiyo desturi yao, bibi harusi habembelezwi kwa maneno, anaahidiwa mifugo. Mama mkwe akanipa ng'ombe, jike jekundu lenye doa jeupe begani, nami nikaingia. Tangu siku hiyo hatuitani kwa majina. Yeye ananiita Pakiteng, mimi namwita Pakiteng, yaani watu waliopeana ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alibaki hapo Bisil na wenzake. Lakini mimi ni Mkamba wa soko. Kwetu ukipewa kitu ni chako, na siku ikikubana unauza. Miaka sita nilidhani nina akiba yangu inakula nyasi Bisil.

Kwa hiyo nikasema, mbele ya wote, kwamba siku ya soko wanipelekee ng'ombe wangu auzwe. Pesa yake italipa daycare nusu mwaka na hakuna mtu atakayesumbuliwa na hesabu zangu.

Shemeji akaweka simu chini. Mume wangu aliinua macho kwa mara ya kwanza, na nikaona ameshtuka, si kwa hasira, kwa woga. Nikajua nimekanyaga kitu lakini sikujua ni nini. Mama mkwe akainuka polepole, mkono kiunoni, akanishika kiganja na kunitoa nje.

Tulienda mpaka kwenye zizi. Ng'ombe walikuwa malishoni, ndama tu ndio waliobaki, wanalilia mama zao. Akaegemea miti ya zizi.

"Ukiuza yule," akasema, "mimi nitakuita nani?"

Hakuwa amekasirika, ndiyo maana nilitamani ardhi inimeze. Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili chake na mimi nikimjazia, kwamba maziwa ya yule ng'ombe ni yangu, ndama zake ni zangu, madume yakikua niuze nikitaka, hata kesho. Lakini yeye mwenyewe hauzwi nikiwa hai au yeye mama akiwa hai, kwa sababu yule ndiye sababu ya mimi kuwa mtu wa hapa. Nikimpeleka sokoni nimemwambia kila mtu kwamba nilikuwa mgeni na sasa naondoka. Nikaomba msamaha, na niliuomba kutoka moyoni. Kisha, kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika, nikamwambia kwamba nimekosea kwa ng'ombe lakini kwa mtoto sijakosea. Msichana wangu simtoi. Hata kama nitabaki na shilingi kumi, hata kama nitabaki na deni, atalala nyumbani kwangu, nami asubuhi nitaenda kazini.

Nilingoja anikaripie. Akamkwaruza ndama mmoja kichwani.

"Mimi nimeomba huyo mtoto kwa sababu lazima niombe," akasema. "Koko asiyeomba mtoto wanasema hana upendo. Na wewe unaweza kukataa. Lakini hawa wengine watatu, hakuna mtu aliniuliza kama nimechoka."

Hao wengine watatu walikuwa watoto wa shemeji. Yeye na mkewe wana kazi nzuri Kajiado, wote wawili, wanaishi kwenye fleti yenye baraza, na watoto wao watatu wanalelewa Bisil. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo minne. Nilikuwa nimewaona kila nilipokuja, nimewaletea mikate na peremende, nimemsifu mama kwa jinsi wanavyopendeza. Nilikuwa nimemwona akiinuka kwa kushika kiuno. Miaka sita, na mimi pia sikuwahi kumuuliza.

Tuliporudi ndani, mama mkwe hakukaa. Akamuuliza mwanawe mkubwa, kwa Kimaa, na baada ya miaka sita Kimaa nakisikia, hiyo daycare ya Kitengela ni pesa ngapi mtoto mmoja. Shemeji akajibu elfu tano kwa mwezi. Mama akauliza kama hapo ni mchana tu au na usiku. Mchana tu, akajibu, na jioni mtoto anachukuliwa. Na Jumapili? Jumapili wanafunga. Na nguo anafua nani? Shemeji akaanza kuona barabara inakokwenda, akasema kwa koko si daycare. Mama akamuuliza tofauti ni nini, kwani yeye hapiki, yeye hafui, yeye haamki mtoto akikohoa.

"Chukua ile simu yako," akamwambia. "Weka wale watatu. Sasa toa kwa mshahara wako."

Sitasema nilicheka. Nilikunywa chai yangu iliyopoa yote kwa mara moja. Shemeji aliitia simu mfukoni, akatazama nje ya dirisha, akasema mvua inaonekana haitakuja mwaka huu pia. Kikao kilifungwa kwa maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia katika familia ile, familia ambayo huombea hata soda.

Nisidanganye kwamba dunia ilipinduka. Watoto wa shemeji bado wako Bisil, ila siku hizi wazazi wao wanamlipa mwanamke wa kuchota maji na kufua, na mama anaketi saa za mchana. Mimi bado naamka saa kumi na moja. Barabara ya Isinya bado inaziba ikijisikia. Kuna watu wa ukoo wanaosema nimemkalia mume wangu kichwani, na wengine wanasema mwanamke anayetaka kuuza ng'ombe wa Pakiteng hana breki. La pili nimelikubali, la kwanza waendelee tu kulisema.

Na mume wangu? Njiani kurudi, tulipopita Kajiado, akaniambia pole. Nikamwambia pole yake ina thamani lakini haitavuka mlango wa mwalimu tarehe tano, siku ya kulipa. Mshahara wake ulipoingia, akanitumia kwenye simu elfu nne na mia saba na hamsini, nusu kamili, na chini yake ujumbe. Ulisema: *Nimekusaidia na pesa ya daycare.*

Nilikuwa kazini, nimeinamia hadubini, foleni ya wagonjwa imefika mlangoni. Nikausoma mara mbili. Nikavua glavu. Nikairudisha pesa yote, na ada ya kutuma nikaikata kwangu. Sikuandika neno. Alipiga simu mara tatu, sikupokea, nilikuwa na damu za watu mezani. Mara ya nne hakupiga. Nilirudi kwenye kazi yangu nikiwaza kwamba labda safari hii nimeharibu, labda ningepokea tu, nusu ni nusu, iitwe jina lolote. Wazo hilo lilinifuata mpaka Kitengela. Lakini kila nilipotaka kumpigia, niliona msichana wangu ana miaka thelathini, amesimama mbele ya simu ya mtu mwingine iliyogeuzwa, akiambiwa watoto wake ni gharama yake.

Nilifika kwa mwalimu saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Alinitolea mdogo, akanipa mfuko wa nepi, akafungua daftari lake la malipo. Akasema baba watoto alimpigia mchana akiwa Namanga, akauliza namba ya kulipia, akatuma.

"Ameniambia hiyo ni yake," mwalimu akasema. "Akasema yako utaleta mwenyewe."

Nikafungua mkoba, nikalipa yangu.